Mahindi Waliyokatazwa Ng'ombe

Asubuhi za masika, nikifungua mlango wa duka langu pale Msamala, harufu ya kwanza kunipokea ni ya pumba iliyovuta unyevu. Nauza chakula cha kuku: pumba, mashudu ya alizeti, chokaa, dagaa wa kusaga. Wateja wanasema duka langu linanukia vizuri kama jiko lenye chungu motoni. Mimi hufungua madirisha yote na kurudi barazani kusimama kwanza, hadi upepo upite. Jirani yangu, muuza mitumba, hunitania kila mara: "Mama Neema, leo tena bidhaa zako zimekufukuza?" Tunacheka. Sijawahi kumwambia kwamba harufu ile hunirudisha kwenye ghala la shamba la ng'ombe nilikokulia, na kwa mdogo wangu Fidelis, ambaye hakufika hata darasa la kwanza. Ninyi nitawaambia, maana hamnijui na hamtaniangalia kwa huruma kesho nikipita sokoni.

Shamba lenyewe lilikuwa nje ya mji wa Songea, ndani kidogo kutoka barabarani, kwenye bonde lenye baridi ambalo ukungu haukutoka mpaka jua lishike nguvu. Ng'ombe walikuwa wengi, wakubwa, weusi kwa weupe, wenye viwele vilivyowafanya watembee miguu ikiwa imepanuka. Sisi watoto wa wafanyakazi tuliwaita ng'ombe wa kizungu, ingawa wengi walizaliwa palepale bondeni kama sisi. Wazazi wetu walikaa kwenye nyumba za safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, ukipiga chafya jirani anakutakia afya. Baba hakuwepo. Alikwenda Mbinga kuvuna kahawa msimu mmoja, na nadhani mpaka leo bado anavuna.

Mama alikuwa mlishaji. Msidhani kulisha ng'ombe wa namna ile ni kuwatoa asubuhi na kuwarudisha jioni. Wale hawakutoka. Chakula kiliwafuata, na kiliwafuata kwa saa, kwa uhakika kuliko hata kengele ya parokia. Alfajiri, kabla ya kukamuliwa, walipewa majani ya mabingobingo yaliyokatwakatwa na mashine iliyopiga kelele mpaka meno yakauma. Wakitoka kukamuliwa, walikuta saileji vihorini, yale majani ya mahindi yaliyofukiwa shimoni chini ya turubai mpaka yakachachuka na kutoa harufu ya pombe changa. Mchana ndipo ulipofika mchanganyiko wenyewe: mahindi ya kuparazwa, pumba, mashudu, chumvi ya madini, na molasi nyeusi iliyomiminwa juu. Mama na wenzake waliugeuzageuza kwa beleshi sakafuni, wakaupakia kwenye toroli na kuusukuma mbele ya vichwa vile vilivyopangwa kama waumini wanaosubiri komunyo. Toroli likichelewa kidogo tu, bonde zima lilijaa mlio.

Sisi tulipotoka shule tulifagia mabaki vihorini. Nilipenda kazi hiyo. Pumzi ya ng'ombe ilikuwa ya moto na tamu kwa ajili ya molasi, na kuna mmoja aliyekuwa na tabia ya kunilamba kiwiko. Fidelis, aliyekuwa bado hajaanza shule, alizoea kuja nami na kuchovya kidole kwenye pipa la molasi. Mama alimwona mara nyingi na kujifanya haoni.

Kabla mahindi hayajapelekwa kuparazwa, ilikuwa kazi ya Mama kuyachambua. Alikaa kwenye mlango wa ghala, kitambaa kichwani, ungo mapajani. Punje nzuri huku, punje zilizoota ukungu kule. Kwenye jambo hili shamba halikuwa na mchezo. Siku moja, zamani kabla ya habari hizi, mnunuzi alipima maziwa yetu akayakataa, yakamwagwa mferejini yote mpaka mfereji ukawa mweupe, na mlishaji aliyelegeza uchambuzi akafukuzwa jioni hiyohiyo. Tangu hapo neno likawa moja: hindi lenye ukungu lisiingie kihorini. Sababu hatukuambiwa, au labda ilisemwa kwa lugha ambayo haikufika nyumba za safu. Wafanyakazi wakajitungia yao. "Ng'ombe wa kizungu tumbo lake kama la mtoto mchanga," walisema, "ukimpa hata punje iliyokohoa, anaharisha." Tuliwacheka sana ng'ombe wale kwa udhaifu wao.

Mahindi mabovu yalipaswa kutupwa kwenye shimo nyuma ya ghala. Lakini nani kwetu angetupa mahindi? Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na usemi wake: chakula ukikitupa, kinakwenda kukuchongea kwa Mungu. Na miezi ile ya mvua, vihenge vimebaki vumbi na mahindi ya shambani bado mabichi, usemi huo hauhitaji mtu wa kukukumbusha. Nyapara wetu, Bwana Mapunda, alikuwa mtu mnene mwenye huruma ya kificho. Gunia likijaa alisimama kando yake akatazama angani. "Nimeagizwa yatupwe," alisema. "Shimo liko kule. Mimi nakwenda kunywa chai." Alikunywa chai taratibu sana, akirudi gunia halipo. Wanawake walikuwa wamepanga zamu ili wasigombane: safari hii gunia la fulani, safari ijayo la fulani.

Na kuyala walijua. Mwanamke wa kwetu haogopi hindi lililoharibika, kwa sababu kuharibu hindi na kulitengeneza tena ni kazi aliyofundishwa akiwa mtoto. Unalitwanga kinuni likatoka ganda. Unaliloweka majini siku kadhaa mpaka linavunda na kunuka hata mbwa akakwepa. Kisha unalipeleka mtoni, unaliosha, unaliosha tena, mpaka harufu yote imekwenda na maji. Ukilianika na kulisaga unapata unga mweupe laini, unga wa kumpikia mkwe. Ndivyo tulivyofanya hata kwa mahindi mazuri. Kwa hiyo wanawake waliposema "tutayaosha," walikuwa na hakika kabisa. Ng'ombe hawana kinu wala mto, walisema, ndiyo maana wanaogopa ukungu.

Mwaka ninaousema, bati la ghala lilitoboka kwenye kona, na mvua ikanyeshea magunia muda mrefu bila mtu kujua. Yalipofunguliwa, mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, ya kijani na njano, na vumbi lililotoka liliwafanya watu wapige chafya mpaka wakatokwa na machozi. Mama aliyachambua kanga ikiwa imemfunika pua. Gunia la mabovu lilijaa upesi kuliko siku zote, na zamu ilikuwa yetu.

Tulisherehekea. Nakumbuka vizuri, na kukumbuka huko kunaniuma. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kiyao kutoka Namasakata, ambaye mumewe alikuwa mkamuaji. Zuhura alikuwa rika langu, tukisoma dawati moja. Mama Zuhura alikuja na mchi wake akamsaidia Mama kutwanga, wakipokezana, wakiimba, yeye akichomekea maneno ya Kiyao na Mama ya Kingoni, kila mmoja akidai lugha ya mwenzake inasikika kama kuku anayekabwa. Unga ulipokuwa tayari Mama alimpimia bakuli. Mama Zuhura akalisukuma nyuma. "Yenu kuleni, Mama Gaude," alisema, akimwita Mama kwa jina langu. " La kwangu si linafuata? Allah akipenda tutakula wote."

Ugali ulikuwa mweupe, ungedhani wa harusi. Tulikula na likolo, mboga ya majani ya maboga. Ulikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Mama akasema ni kwa sababu jua lilikuwa dogo, haukukauka vizuri. Fidelis hakujali uchungu. Alitambaa kwa magoti na viganja mpaka kwenye sufuria, akalia "mooo", akasema yeye ni ng'ombe wa kizungu, apewe matandu yote. Alipewa. Tulicheka mpaka Mama Zuhura akagonga ukuta kuuliza tumekula bangi au ugali.

Baada ya siku chache nilianza kutapika. Mama naye alishika tumbo, lakini alikwenda kazini, kwa kuwa ng'ombe hawaelewi habari ya mtu kuumwa. Tulisema ni malaria, ugonjwa ambao kwetu hubebeshwa mzigo wa magonjwa yote. Fidelis ndiye aliyezidi. Tumbo lilimvimba likawa gumu, miguu ikabaki miembamba kama ya ndege. Siku moja alifungua macho asubuhi, na pale penye weupe palikuwa na rangi ya kiini cha yai. Nilikimbia nje kumwita Mama.

Fidelis alikataa ugali. Mama akamkorogea uji. Alimpakata akamnywesha kijiko kwa kijiko, akimbembeleza, akimwambia ni maziwa ya ng'ombe wake wa kizungu, anywe apate nguvu. Uji ulikuwa wa unga uleule. Sisi wawili, ambao tulikuwa hatuna hamu ya kula, tulipata nafuu. Yeye, kwa kuwa alikuwa mgonjwa zaidi, ndiye aliyelishwa kwa bidii zaidi.

Tulimpeleka mjini kwa gari la maziwa, maana hapakuwa na gari jingine. Dereva alitupandisha nyuma katikati ya makopo marefu ya bati, Mama akiwa amekaa sakafuni, Fidelis mapajani, mimi nikishikilia kopo lisiwaangukie. Maziwa yalikuwa bado ya vuguvugu, niliyasikia yakicheza ndani kila tulipopita kwenye shimo. Hospitali ilikuwa imejaa. Daktari aliyemwona alikuwa na haraka lakini hakuwa mkali. Alimbonyeza tumbo, akamfunua macho, akauliza, "Amekula nini, mama?"

"Ugali, dokta. Ugali na mboga."

Akaandika. Ugali ni ugali, nani angemuuliza mtu wa Songea ugali wake ni wa mahindi gani? Wakamtundikia maji. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda na wauza uji wakipita madirishani, Fidelis alishtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa, akatulia. Mama aliendelea kumpepea kwa ncha ya kanga mpaka nesi alipomshika mkono.

Tulimzika kwenye makaburi ya kigango. Mama Zuhura ndiye aliyepika msibani, ndiye aliyelala na Mama mkekani, ndiye aliyenisuka nywele. Alisema maneno ambayo kila mtu alisema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mama aliitikia kwa kichwa.

Matanga yalipoanuliwa alirudi kazini. Nami nilikuwa shambani mchana ule, nikisubiri kufagia, nilipomwona Mama ameacha toroli na kumfuata bwana mifugo, kijana mmoja tuliyemwita Daktari kwa heshima, aliyekuwa akipima molasi. Alimuuliza jambo. Mikono yake alikuwa ameiweka nyuma, kama mwanafunzi. Yule kijana alimjibu bila kuacha kuchota, maneno machache tu, akaonyesha kwa mdomo upande wa ghala, kisha akajigusa ubavuni. Nilikuwa mbali, sikusikia. Mama alibaki amesimama. Ng'ombe wakaanza kulia mmoja mmoja, kisha wote, na bado alisimama, hadi Bwana Mapunda alipokuja akasukuma toroli mwenyewe.

Jioni hiyo gunia jipya la mabovu lilikuwa limeegemea nyuma ya ghala, na zamu ilikuwa ya Mama Zuhura. Alikuja na beseni kichwani, Zuhura nyuma yake na ungo. Mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amelichana gunia kwa panga toka juu hadi chini, mahindi yamemwagika shimoni, naye anachota kwa beleshi kinyesi kibichi kutoka mferejini na kuyamwagia. Alichota, akamwaga. Kisha akaingia shimoni miguu mitupu akayakanyaga, akayachanganya kwa namna ileile aliyochanganya chakula cha ng'ombe kila mchana.

"Mama Gaude! Una wazimu?" Mama Zuhura alitupa beseni. "Hicho ni chakula cha wanangu!"

"Si chakula," Mama alisema.

"Si chakula? Wewe zamu yako ulikula, nilikutwangia kwa mikono yangu hii! Leo yamefika kwangu ndiyo si chakula? Wallahi, Mungu anakuona."

Mama aliendelea kukanyaga. Mama Zuhura alikaa chini penye matope akalia, na Zuhura akanitazama mimi, ungo kifuani, akisubiri nimweleze. Nilimshika Mama kanga nikamwomba atoke, watu wanatutazama.

Haikuwa siku moja. Kila gunia la mabovu lililotoka ghalani msimu ule na misimu iliyofuata, Mama alilifikia kwanza. Wanawake walijaribu kumwahi, wakashindwa, maana yeye ndiye aliyekuwa mchambuaji. Walikwenda kumshtaki kwa Bwana Mapunda, naye akawaambia angesema nini, ikiwa amri ilikuwa yatupwe, na Mama Gaude ndiye pekee anayeitii? Wakampa Mama jina, Mama Kinyesi. Watoto wao wakaniimbia njiani. Lakini neno lililotuuma zaidi lilisemwa kisimani, kwa sauti ya kutaka tusikie: "Amefiwa, sasa anataka na sisi tufiwe. Anataka watoto wetu wafe njaa." Mimi nililiamini neno lile. Nililala kitanda kimoja na Mama nikampa mgongo, nikiamini kwamba msiba umeuozesha moyo wake.

Njaa ilikuwepo kweli. Mama Zuhura aliingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ambayo watu wa Tunduru wanaijua tangu kwa babu zao, na nilimwona Zuhura akirudi na kikapu, magoti yakiwa meupe kwa vumbi. Hakunipa, sikuomba. Walipoamua kurudi kwao, Mama Zuhura aliaga nyumba zote za safu, mlango kwa mlango, kwa kukumbatiana na machozi. Mlango wetu aliuruka. Mama alikuwa amesimama ndani, nyuma tu ya pazia, na alikuwa amevaa kanga yake nzuri.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikafungua duka, nikamleta Mama mjini tukae wote. Zuhura nimekutana naye hapahapa sokoni. Tulikumbatiana, hatukujua tulie au tucheke. Akaniambia mama yake alifariki, na kwamba hadi mwisho, akitaka kumkanya mtoto mchoyo, alisema, "Usiwe na roho ya Mama Gaude." Alinisimulia kama utani wa zamani. Nami nikacheka.

Halafu mwaka jana tukaitwa sisi wauza vyakula vya mifugo kwenye mafunzo. Mtaalamu akatuonyesha picha ya mahindi yaliyoshikana mabonge, ya kijani na njano. Akasema hii ni sumukuvu. Akasema sumu hii haitoki kwa kuosha wala kupika. Inakula ini, tumbo linavimba, macho yanakuwa ya manjano, na watoto wadogo ndio wanaoondoka kwanza. Ng'ombe akila, sumu inaingia kwenye maziwa, ndiyo maana wafugaji wakubwa wanaogopa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Kumbe walikuwa wanalinda maziwa. Walikuwa wanamlinda mtu wa mbali atakayeyanywa na chai yake. Punje ile ilizuiwa isipite kwa ng'ombe ikamfikia yule, na hakuna aliyefikiri kwamba inaweza kupita mlango wa nyuma ikamfikia Fidelis bila kupitia kwa ng'ombe yeyote. Nina hasira na jambo hili mpaka leo, na sitaki mtu aniambie kuhusu kazi ya Mungu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba Mama hatajua kamwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ulitosha. Lakini aliniona usoni. Alikuwa uani akichambua mchele, akaniambia niketi, akaniuliza wametufundisha nini. Nikaanza kudanganya habari za chanjo ya kuku. Akanikatiza.

"Wamewaambia habari ya mahindi," alisema. "Nilijua siku ile kwa Daktari wa ng'ombe. Nilimuuliza, ng'ombe akila hufa na nini? Akaniambia."

Mikono yake haikuacha mchele. Nilimuuliza, nikilia, kwa nini hakuwaambia wenzake. Neno moja tu, yana sumu, na asingeitwa jina lile, na Mama Zuhura angegonga mlango wetu.

"Ningewaambia yana sumu," Mama alisema, "wangeniuliza nimejuaje."

Kuku walikuja wakadonoa chenga zilizoanguka, hakuwafukuza. Baadaye akauliza kama ni kweli nilimwona yule binti wa Mama Zuhura, na kama ana watoto. Nikamwambia anao. Akataka majina. Nikamtajia: Hawa, Saidi, na mdogo kabisa, Rukia. Mama akaweka ungo chini. Akayarudia yote, moja baada ya jingine, polepole, akihakikisha hajaliacha hata moja.